Je, Wajua? Nyumba za Rabai

Je, wajua kwamba ukipanda matatu Changamwe hadi Mazeras, kisha gari la Kaloleni, utashuka Rabai penye nyumba walizoishi wamishenari Krapf na Rebmann? Bado zimesimama karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, na hapo hapo pana makumbusho. Ni nyumba za kawaida, wala si kasri, lakini yaliyopita ndani yake ni mazito.

Je, wajua kwamba wamishenari hao wawili walihamia Rabai Agosti 1846 wakiugua homa? Wazee wa Kirabai ndio waliowakubalia kukaa. Kaya za Warabai, misitu yao mitakatifu, ziko jirani, nazo zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008.

Rebmann alitoka hapa akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akaona theluji ya Kilimanjaro. Msomi wa London, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alishikilia kwamba haiwezekani.

Je, wajua kwamba kamusi ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa ilianzia Rabai? Mwalimu alikuwa Salimini, mtu wa kwao Malawi aliyetekwa akauzwa, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Rebmann aliuliza, Salimini akajibu, neno baada ya neno, kati ya 1853 na 1854. Kitabu kilichapishwa 1877, Rebmann akiwa ameshafariki. Kwangu mimi, hapa ndipo penye uzito wa nyumba hizi: mtu aliyenyang'anywa kila kitu alikuwa bado na lugha yake nzima kichwani, na kwa kinywa chake ikaingia kitabuni. Jina lake lastahili kutajwa sawa na la Rebmann.

Je, wajua kuhusu watoro? Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, ambako William Jones, aliyeuzwa utotoni na kusomeshwa India, alikuwa kiongozi wa kanisa. Wenye mashamba wakadai watu wao. Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza, akawalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani wakapewa hati za uhuru.

Ukirudi mjini Mombasa, pitia Kengeleni, Kisauni: kengele ya Frere Town, mji wa watumwa walioachwa huru ulioanzishwa miaka ya 1870, ingali kando ya barabara. Na ukiwa Rabai, muulize mwongozaji habari za Salimini.