Si kila dawa ya matone hufaa macho makavu

Inapofika jioni, wakazi wengi wa mijini hulalamika kwamba macho yanawawasha, yamekuwa mekundu, na wanahisi kana kwamba yameingiwa na mchanga. Baadhi yao hutokwa na machozi ovyo. Aghalabu wao hupitia duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu na kuomba "dawa ya macho" bila kueleza zaidi. Hapo ndipo hatari huanzia.

Mara nyingi tatizo huwa ni ukavu wa macho. Jicho lenye afya hufunikwa na utando mwembamba wa machozi, ambao una mafuta, maji na ute. Kila tunapopepesa macho, kope huusambaza upya. Machozi yakipungua, au yakikosa mafuta na kukauka upesi, jicho hukereka. Likishakereka hujitetea kwa kumwaga machozi mengi ya majimaji yasiyodumu. Ndiyo sababu hata jicho kavu laweza kutiririka machozi.

Ukavu huletwa na mambo mengi: umri mkubwa, kukoma kwa hedhi, baadhi ya dawa za mzio na mafua, lenzi zinazovaliwa machoni, moshi, vumbi na upepo wa feni. Isitoshe, anayekodolea macho kompyuta au simu hupepesa mara chache kuliko kawaida.

Dawa ifaayo hapa ni matone ya kulainisha, yaitwayo pia machozi ya bandia. Haya hayaondoi chanzo cha ukavu, bali hulipa jicho unyevu. Kwenye kijikaratasi cha chupa huandikwa majina kama "hypromellose" au "carmellose". Huuzwa bila cheti cha daktari.

Yafaa ieleweke kwamba matone mengine ni tofauti kabisa. Yale ya kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu kwa muda, na yakizoewa wekundu hurudi kwa kishindo. Yale ya steroidi, kama vile "dexamethasone", hutuliza haraka na hivyo kupendwa. Lakini yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari, yaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma au mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, ilhali uwezo wa kuona ulioibwa na glakoma haurudi.

Hata matone ya kulainisha yana utaratibu wake. Nawa mikono kwa sabuni. Inua uso, vuta chini kope ya chini, kisha dondosha tone moja tu. Ncha ya chupa isiguse jicho, kope wala kidole. Fumba macho kwa dakika moja. Ikiwa unatumia dawa nyingine ya macho, ngoja angalau dakika tano kabla ya kuitia. Anayehitaji matone zaidi ya mara nne kwa siku aulize yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi dawa, kwani kemikali hiyo yaweza kulikera jicho. Chupa nyingi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki. Soma maagizo yake. Usimwazime mwenzako.

Usafi huu si jambo la kupuuzwa. Kati ya mwaka wa 2022 na 2023 nchini Marekani, bakteria sugu waliohusishwa na machozi ya bandia yaliyochafuka waliambukiza watu 81. Wanne walifariki, 14 walipoteza uwezo wa kuona, na wengine wanne walilazimika kung'olewa jicho. Kwa hivyo, nunua dawa kwenye duka lililosajiliwa, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na uikatae chupa ambayo kifuniko chake kimefunguliwa.

Pamoja na matone, pumzisha macho kila baada ya dakika 20 kwa kutazama mbali, pepesa kwa makusudi, na usiielekeze feni usoni.

Ukiona maumivu makali, usaha, ukungu usioondoka, au ukishindwa kuvumilia mwanga, usinunue chupa nyingine. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, ukavu usiopungua baada ya wiki chache za kutumia matone unahitaji kuchunguzwa na daktari wa macho.