Ukoo, Mlango na Nasaba: Maneno ya Kufuatilia Asili ya Jamaa

Miongoni mwa maneno ambayo makarani wa mahakama, walimu na wafasiri huyatumia kila siku bila kuyatilia shaka ni neno "ukoo". Hutumika kwa watu wa nyumba moja, kwa maelfu ya watu wanaoitwa kwa jina moja, kwa orodha ya mababu, na hata kwa mchoro unaoonyesha orodha hiyo. Maadamu mazungumzo ni ya barazani, upana huo haudhuru. Lakini neno linapoandikwa katika hukumu, katika wosia au katika fomu ya usajili, upana huo huweza kumpa mtu shamba au kumnyima. Katika makala haya tunakusudia kuzitenga maana hizo, tukichukua mifano yetu hasa katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako kuifahamu asili ya jamaa ni jambo la haja wala si la anasa.

Ukoo na mwiko wake

Katika Kihaya ukoo huitwa oluganda, na wingi wake ni enganda. Watu wa oluganda moja hufuata upande wa baba, huamini kwamba wametoka kwa babu mmoja, hawaoani, na wana omuziro wao, yaani mnyama au kitu kingine ambacho ni mwiko kwao. Babito waliotawala Kiziba, karibu na mpaka wa Uganda, mwiko wao ni pongo. Na Babito wa Bunyoro nao wana jina hilo hilo na mwiko huo huo. Basi Mbito wa Kiziba na Mbito wa Bunyoro ni watu wa ukoo mmoja, hata kama hawawezi kuzihesabu ngazi zote zinazowafikisha kwa babu wao. Hiyo ndiyo alama ya ukoo: undugu unaokubaliwa kwa jina na mwiko, bila ya kudai hesabu ya vizazi. Kwa omuziro tunapendekeza "mwiko wa ukoo", ambalo kila msomaji atalielewa.

Mfasiri ajihadhari hapa na lugha jirani. Katika Luganda, oluganda ni undugu kwa jumla, na ukoo huitwa ekika. Anayetoka katika matini ya Kiganda na kuingia katika ile ya Kihaya, akadhani neno moja lina maana moja, atageuza undugu wa watu wawili kuwa ukoo mzima.

Mlango

Chini ya ukoo pana kundi dogo zaidi, ambalo wanaoliunda huweza kumtaja kwa jina babu aliyewaunganisha na kueleza kila mmoja wao ametokaje kwake. Waswahili wa pwani wana neno zuri la kundi hilo, nalo ni "mlango". Baganda huligawa kundi kubwa la ekika kwa masiga, na siga ni jiwe la kuinjikia chungu, ndilo figa la Kiswahili. Picha ni mbili, mlango na figa, lakini fikira ni moja: ukoo ni mkubwa, na mtu huishi ndani ya sehemu yake.

Kutofautisha ukoo na mlango si mchezo wa wanaisimu. Kanuni ya 20 ya sheria za urithi zilizotangazwa mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali namba 436, iliweka kwamba wanawake waweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wangeweza kuitumia lakini wasiiuze. Kanuni hiyo iliongeza kwamba pasipokuwapo mwanamume wa ukoo huo, mwanamke huweza kuirithi ardhi hiyo kwa ukamilifu. Hebu msomaji alipime neno "ukoo" katika sharti hilo la mwisho. Ikiwa ukoo ni oluganda, wenye watu wengi kutoka Ihangiro hadi ng'ambo ya mpaka, hapatakosekana mwanamume hata siku moja, na ruhusa aliyopewa mwanamke ni maneno matupu. Ikiwa ukoo hapo ni mlango, yaani wale waliotokana na mwenye kibanja anayejulikana, ruhusa hiyo yaweza kumfaa mtu kweli. Neno moja halikubadilika. Kilichobadilika ni shamba kuwa la nani.

Shauri la Muleba

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyeachiwa kibanja na baba yake kwa wosia, alikiuza kwa mtu asiye wa ukoo wake. Siku ya pili mtoto wa kaka yake alifungua madai katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akitaka mauzo yabatilishwe. Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia mdai. Mahakama ya Wilaya ikampa haki shangazi. Na rufani ikafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni ya kumzuia mwanamke kuuza ilipingana na Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke na mwanamume wawe sawa katika kuuza ardhi ya ukoo. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili.

Tukiliangalia shauri hilo kwa jicho la istilahi, twaona maneno matatu ya kuchungwa. La kwanza ni la mnunuzi. Si "mgeni", maana mtu aweza kuwa jirani wa miaka mingi na bado asiwe wa ukoo. Kiswahili kina "mtu baki", nalo latosha. La pili ni la mdai. Atakayemwita "mpwa" atakuwa amemtoa katika ukoo wake, kwa kuwa mpwa hasa ni mtoto wa dada, ambaye kwa Wahaya huitwa omwihwa na ni wa ukoo wa baba yake. Mdai alikuwa mtoto wa kaka, na nguvu yote ya madai yake ilitoka hapo. La tatu ni "shangazi". Kihaya humwita ishenkazi, neno lililojengwa kwa "baba" na alama ya kike. Yaani lugha yenyewe yamtambua kuwa mtu wa upande wa baba, ambaye ndoa haimwondoi katika ukoo wake.

Nasaba, uzao na shajara

Ukoo na mlango ni makundi ya watu. Nasaba si kundi. Ni mfuatano wa mzazi na mtoto, mtu kwa mtu, kutoka kwa aliye hai kwenda juu kwa mababu. Kinyume chake ni uzao: wote waliotokana na mtu mmoja, wa kike na wa kiume, tukishuka chini. Kila ngazi ni kizazi. Upande wa baba ni kuumeni, na wa mama ni kukeni. Mchoro unaoonyesha haya yote tunapendekeza uitwe "shajara ya nasaba". Neno shajara lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mti, na litatuondolea ulazima wa kuuita mchoro "ukoo".

Karatasi na majina

Anayefuatilia nasaba huanza kwa wazee, na yafaa awaulize mmoja mmoja, kisha alinganishe. Hufuata makaburi, kwa kuwa Wahaya wengi huzikana katika vibanja vyao. Kisha huja vitabu vya ubatizo. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892, na vitabu vya kanisa lao vya zama hizo viliandikwa kwa Kilatini. Hapo pana mtego mwingine: nepos la Kilatini ni mjukuu, na pia ni mtoto wa kaka au wa dada. Mfasiri asichague mpaka karatasi nyingine imthibitishie.

Mwaka huo huo wa 1892, tarehe 1 Januari, kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kilifunguliwa New York, na wa kwanza kupokelewa alikuwa msichana kutoka Cork, Ayalandi, jina lake Annie Moore. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba alihamia Texas na kufia huko. Mwaka 2006 ilibainika kwamba yule wa Texas alikuwa Annie Moore mwingine, aliyezaliwa Illinois. Wa Ayalandi alibaki New York mpaka alipofariki mwaka 1924. Jina lilikuwa moja, nasaba ni mbili. Wamarekani wenye asili ya Ayalandi hukwama mara nyingi kwa sababu karatasi za babu zao zataja "Ayalandi" tu, pasipo kijiji.

Kwetu shida imegeuka. Kwa desturi mtoto wa Kihaya hupewa jina lake mwenyewe, hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kuwa na majina yasiyofanana. Jina pekee halitoshi kuwaunganisha, kama lisivyotosha kuwatenganisha akina Annie Moore. Wala "Bukoba" haitoshi kuwa mahali pa asili, kwa kuwa ni jina la mji na la wilaya pia.

Mapendekezo

Tunawashauri wanaotunga fomu na kuandika kumbukumbu za mabaraza waweke nafasi mbalimbali kwa ukoo, mwiko wa ukoo, mlango, kijiji cha asili na mahali pa kuzaliwa. Pale penye "baba" paandikwe "baba mzazi", kwa sababu baba mkubwa na baba mdogo nao ni baba. Katika shajara, majina yaliyosimuliwa yatengwe na yaliyothibitishwa kwa maandishi. Na katika kila tafsiri ya sheria inayotaja "ukoo", mfasiri ajiulize kwanza: je, ni watu wa mwiko mmoja, au ni watu wanaoweza kuhesabiwa mmoja mmoja mpaka kwa babu wa kibanja hicho? Akiwa hana jibu, asilibahatishe. Amrudie aliyeitunga matini, maana mwenye shamba hatakuwapo kumsahihisha.