Kamera ya duka yaweza kumtumikia mhalifu

MWENYE duka wa Mwisenge, mjini Musoma, anapofunga kamera ya ulinzi huwa anamuwaza mwizi wa kuvunja mlango. Ni nadra kuwaza kwamba kamera hiyo, ikishaunganishwa na intaneti, inaweza kutekwa na kumtumikia mhalifu aliye mbali, huku yeye akilipia bando.

Hayo yamekwisha kutokea. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu ya kamera na ruta katika nchi nyingi. Ilijaribu tu majina na maneno ya siri zaidi ya 60 yanayowekwa kiwandani, ambayo wenye vifaa hawakuyabadili.

Mwaka huohuo, kamera zilizotekwa zilitumika kuielemea kwa maombi ya uongo kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia, na huduma zake zikavurugika. Mwingereza Daniel Kaye alikiri kosa na Januari 2019 akahukumiwa kifungo cha miezi 32.

Tatizo ni kwamba kamera iliyotekwa huendelea kuonyesha picha kama kawaida. Kwa sababu hiyo wataalamu wamegeukia programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano.

Mchuuzi mzoefu hutambua gunia la dagaa na la mahindi bila kulifungua. Humtosha umbo, uzito na harufu. Programu hizo nazo hazifungui ujumbe. Hupima ukubwa wa vifurushi vya taarifa, muda kati ya kimoja na kingine, na kule vinakokwenda. Taa hutuma kidogo tena kwa nadra. Kamera hutuma kwa wingi, lakini kwenye anwani chache zilezile.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walifuatilia vifaa 28 kwa miezi sita. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha programu ikivitambua kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha kuwa hesabu za namna hiyo ni nyepesi kiasi cha kufanywa na ruta ya nyumbani. Kamera ikianza kuzifikia anwani ngeni nyingi kwa kasi, inashukiwa mara moja.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina kasoro. Kifaa kilichosasishwa kiwandani hubadili tabia, na programu inaweza kukishuku bure.

Mfanyabiashara mdogo hana haja ya kusubiri programu hizo. Abadili neno la siri siku ileile anayofunga kamera au ruta. Bando likiisha haraka kuliko kawaida, achunguze. Kuzima kifaa na kukiwasha huiondoa Mirai, lakini neno la siri likibaki lile la kiwandani, itarudi. Na ikiwezekana, kompyuta yenye hesabu za duka isitumie mtandao mmoja na kamera.