Kugeuza Vipimo vya Wakati

Urefu hupimwa kwa mita na uzito kwa kilogramu. Wakati nao una vipimo vyake. Vipimo vya urefu huenda kwa makumi: milimita 10 ni sentimita 1, na sentimita 100 ni mita 1. Vipimo vya wakati havifuati makumi. Vikariri hivi:

Sekunde 60 = dakika 1
Dakika 60 = saa 1
Saa 24 = siku 1
Siku 7 = juma 1

Kutoka kipimo kikubwa kwenda kidogo

Hapa tunazidisha. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Hizo ni sekunde ngapi?

3 × 60 = 180
180 + 32.2 = sekunde 212.2

Gawanya mita 1,500 kwa 212.2. Utaona kuwa kila sekunde alikwenda zaidi kidogo ya mita 7. Pima mita 7 katika uwanja wa shule yenu, uone umbali huo.

Kutoka kipimo kidogo kwenda kikubwa

Hapa tunagawanya. Maharage yamechemshwa kwa dakika 150. Hizo ni saa ngapi?

150 ÷ 60 = 2, baki 30

Jibu ni saa 2 na dakika 30. Kwa desimali tunaandika saa 2.5, kwa kuwa dakika 30 ni nusu ya saa. Jihadhari usisome 2.5 kuwa saa 2 na dakika 50.

Hesabu ya dawa

Neno "saa" lina maana mbili. Tukisema "saa 8 mchana", tunataja wakati unaoonyeshwa na mishale ya saa. Tukisema "muda wa saa 8", tunataja urefu wa wakati. Asiyetofautisha maana hizi anaweza kumdhuru mgonjwa.

Tuseme mgonjwa amepewa dawa ya kuua bakteria, nayo imeandikwa: kidonge 1 kila baada ya saa 8, kwa siku 5. Maneno hayo hayana maana ya kumeza kidonge saa 8 mchana kila siku. Siku ina saa 24, na 24 ÷ 8 = 3. Basi atameza vidonge 3 kwa siku, na kwa siku 5 atameza 3 × 5 = 15.

Akianza saa 12 asubuhi, cha pili atakimeza lini? 12 + 8 = 20. Uso wa saa una saa 12 tu, hivyo 20 − 12 = 8, yaani saa 8 mchana. Cha tatu: 8 + 8 = 16, na 16 − 12 = 4, yaani saa 4 usiku.

Watu wengine humeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku. Vidonge ni 3, lakini tazama nafasi kati yake: saa 6, saa 6, kisha saa 12 usiku kucha. Dawa iliyomo mwilini hupungua kidogo kidogo, kwa sababu ini na figo huiondoa. Nafasi ikiwa ndefu mno, dawa hubaki kidogo, na bakteria hupata nafuu ya kuongezeka. Kwa hiyo, daima fuata maelezo ya mganga, na uhesabu saa za usiku pia.

Zoezi

1. Geuza dakika 5 na sekunde 20 kuwa sekunde.
2. Dakika 205 ni saa ngapi na dakika ngapi?
3. Mgonjwa anameza kidonge 1 kila baada ya saa 6, akianza saa 12 asubuhi. Taja nyakati zote za siku moja. Atahitaji vidonge vingapi kwa juma 1?