Akigoma mfanyakazi wa Dagahaley, nani mwajiri wake?

MKONO mtupu haulambwi, walisema wahenga. Mfanyakazi asiporidhika na malipo hugoma, na tajiri wake hulazimika kumsikiza. Lakini mambo huwaje iwapo tajiri mwenyewe hajulikani ni nani?

Hilo ndilo swali linalowakabili wanaotoa huduma katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kaunti ya Garissa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992, Wasomali walipokuwa wakikimbia vita vilivyofuatia kuanguka kwa serikali ya Siad Barre. Pamoja na Ifo na Hagadera, ilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Ulipozuka ukame wa mwaka 2011, idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilipita 400,000.

Umati kama huo ni mji kamili. Unahitaji maji, shule, hospitali na vyoo. Kazi nyingi za kila siku hufanywa na wakimbizi wenyewe: walimu, wakalimani, walinzi, wafagiaji na wachimba vyoo.

Hata hivyo, malipo yao hayaitwi mshahara. Huitwa motisha. Kwa kuwa ilikuwa vigumu kwa mkimbizi kupata kibali cha kazi, mashirika yalikubaliana viwango vya kumpoza. Hivyo walimu wawili huweza kufunza shule moja, Mkenya akapokea mshahara na mkimbizi akapata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Je, akigoma? Fedha hutoka kwa wafadhili ng'ambo, zikapitia Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR), kisha zikafika kwa shirika lililomwandika. Mlango anaoubisha sio wenye ufunguo wa kasha. Anayeumia haraka ni jirani yake, ambaye mtoto wake hana mwalimu.

Kwa muda mrefu serikali ya mtaa ilikuwa kando katika mambo haya. Sasa hali inabadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilipanua nafasi ya mkimbizi kufanya kazi. Tarehe 28 Machi 2025, Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaonuia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida, huku huduma zake zikiunganishwa na zile za kaunti. Mwaka huo huo Marekani ilipunguza misaada, na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi.

Kwa hivyo, malalamiko ya mfagiaji wa Dagahaley yaelekea mlangoni mwa kaunti.

Garissa haina haja ya kutafuta funzo mbali. Mwaka 2020 serikali kuu iliwaajiri wahudumu wa afya kwa kandarasi, wakatumwa kwenye hospitali za kaunti. Mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai kazi ya kudumu. Magavana walisema sharti fedha za kuwalipa zije pamoja nao. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini ilipasa kumalizwa kabla ya mhudumu wa kwanza kuvaa koti jeupe.

Kaunti inaweza kuanza mapema. Ihesabu wafanyakazi wa motisha na kujua kila mmoja hulipwa nini. Isipokee huduma yoyote bila mkataba unaotaja nani atalipa, lini, na nani atasikiliza malalamiko. Kifungu cha 41 cha Katiba humpa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Hakisemi lazima awe na kitambulisho cha Kenya.

Nawe msomaji wa mjini, usidhani haya ni ya jangwani tu. Bawabu wa shule ya mwanao na kijana anayezoa taka mtaani mwenu huenda wameandikwa na kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Siku wakigoma, utamwendea nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Dagahaley unaonekana tayari, na ukuta ni ghali.