Msimu wa vumbi na mihuri ya mpakani

MUTUKULA, saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Mabasi yamepangana upande wa Tanzania yakisubiri abiria wagongewe mihuri. Pembeni, juu ya mzigo wa mikeka iliyokazwa kwa kamba ya katani, amekaa mama mmoja wa Bukoba ambaye sasa namwita Shangazi kwa sababu tumekutana mara nyingi mno kuendelea kuitana "wewe".

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karan atakuja safari hii?"

Anamuulizia Karan Patel, dereva wa Kenya aliyetwaa ubingwa wa mbio za magari wa Afrika mwaka 2023 na akaurudia 2024. Shangazi hana gari. Leseni hana, na sidhani kama amewahi kushika usukani. Lakini anawajua madereva kwa majina, na anajua nani akijitokeza huja watu wangapi kandokando ya barabara. Kwake hiyo ni hesabu ya mikeka.

Huu ni msimu wa tatu nafuata mbio za magari za ukanda huu. Nilianza kwa kutumwa kazini, siku hizi najilipia nauli mwenyewe. Na nimegundua kwamba shabiki wa mbio hizi na mfanyabiashara wa mpakani ni ndugu wa tumbo moja: wote hulala ndani ya basi, wote hujua foleni ya uhamiaji ni fupi saa ngapi, na wote hurudi nyumbani na fedha za nchi tatu mfukoni, hakuna hata moja inayotosha kununua chai.

Marekani, shabiki wa NASCAR, yale magari yanayozunguka kwenye uwanja wa duara, ana mbio 36 za kuwania pointi kila mwaka, kuanzia Daytona mwezi Februari hadi Novemba. Karibu zote ziko ndani ya nchi yake. Anaendesha gari lake, anaegesha, anakaa kwenye kiti chenye namba na gari analolishabikia linapita mbele yake mara mia na zaidi. Sisi mbio zetu ni chache, lakini karibu kila moja ina mpaka wake. Na ukishafika, unasubiri saa nne juani ili gari likupitie kwa sekunde tano, kisha unakula vumbi lake kwa dakika nzima.

Lakini ile sauti, msomaji wangu! Unaisikia kabla hujaliona gari. Inapanda kilima upande wa pili, inapotea, inarudi karibu zaidi. Watu wote wananyamaza. Hata muuza karanga anasimama.

Mbio zilizojua kuvuka

Kuna wakati shabiki hakuhitaji kuvuka, kwa sababu mbio zenyewe zilivuka. Mwaka 1953, kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, magari yaliyatimua mavumbi ya Kenya, Uganda na Tanganyika katika mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari Rally. Ilikuwa safari kweli: kilomita kwa maelfu, usiku na mchana, kwenye udongo mwekundu na mvua za Aprili. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 mvua iliponyesha vibaya, yalimaliza saba tena, na mara zote mbili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404.

Washindi wa enzi hizo ni historia ya ukanda mzima. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda 1966 na 1967, naye kwa Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, alizaliwa Uganda. Familia yake ilihamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata, 1973, ndipo aliposhinda mara ya kwanza. Nikiwa darasani nikisoma historia ya Jumuiya sikuwahi kusikia jina lake, na nadhani hilo ni kosa la mtaala.

Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki Kenya peke yake na jina la Afrika Mashariki likaondolewa. Jumuiya yenyewe ilivunjika 1977. Kwa hiyo magari yaliacha kuvuka kabla Jumuiya haijavunjika. Mwaka huo huo mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Wazee wa Namanga bado wanakusimulia ukiwakalisha na kahawa.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999. Mbio za kuvuka mipaka hazikufufuka nayo, ukiacha yale mashindano ya magari ya kale yaliyoanza 2003, ambayo miaka mingine huingia Tanzania. Leo kila nchi ina mbio zake: Kenya ina Safari, Uganda ina Pearl of Africa, Rwanda ina Mountain Gorilla, Tanzania ina Rally of Tanzania. Zimeunganishwa na ubingwa wa Afrika, ambao umekuwepo tangu 1981 na ambao Charles Muhangi wa Uganda aliuchukua mwaka 1999. Magari yanapakiwa kwenye malori na kuvushwa kama mzigo mwingine wowote. Anayevuka kwa miguu ni shabiki na muuza mikeka.

Kofia zilizochelewa

Shangazi hakuanza na mikeka. Alianza na kofia.

Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilihamia Naivasha. Tangu hapo hadi 2025 Toyota imeshinda kila mwaka, na mwaka 2022 na 2023 ilijaza nafasi nne zote za juu. Kwa bara ambalo daladala, matatu, teksi na gari la harusi ni Toyota, hiyo ilitosha kujaza Bonde la Ufa watu. Shangazi aliziona picha kwenye simu ya mwanawe. Aliona umati umekaa nyasini juani, vichwa vitupu.

Akanunua Kariakoo magunia mawili ya kofia na miavuli midogo ya kutoka ng'ambo. Alifika mpakani Alhamisi. Ni mpaka gani sitautaja, kwa sababu bado anaupitia. Ofisa akamwambia bidhaa hizo hazikutengenezwa Afrika Mashariki, hivyo zinatakiwa kutathminiwa na kulipiwa ushuru kamili. Sheria ilikuwa upande wa ofisa, hilo halina ubishi. Lakini mthamini hakuwepo Alhamisi. Ijumaa alikuwepo, foleni ikawa ya malori. Jumamosi akaambiwa arudi Jumatatu.

Mbio ziliisha Jumapili.

Mfanyabiashara wa nyanya ananielewa hapa. Kuna mizigo inayooza bila kunuka. Kofia ya mbio Jumatatu ni kofia tu, na kofia tu zimejaa kila soko. Aliziuza kwa hasara, nyingine akazigawa kwa watoto wa shule mtaani kwake, na deni la kikundi chao cha kuweka na kukopa likamkalia shingoni hadi mwishoni mwa mwaka.

Msimu uliofuata alikuja na mikeka na kofia za ukindu, zilizosukwa Kagera na kina mama anaowajua. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unasema hivi: bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama, ikiwa kwenye orodha inayokubalika na mzigo wake hauzidi dola 2,000 za Marekani, inajaziwa cheti cha asili kilichorahisishwa pale pale mpakani na haitozwi ushuru wa forodha. Tozo nyingine ndogondogo zinaweza kubaki. Mikeka ilipita asubuhi moja. Na watu waliokaa nyasini, kumbe, walihitaji pa kukalia kuliko walivyohitaji kofia.

Nilimuuliza kama alimsamehe yule wa Jumatatu. Akacheka. "Mwanangu, mimi nimebadilisha mzigo. Yeye hajabadilisha kitu."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mfumo unafanya kazi kwa kuwa mtu mmoja ameuzoea. Tamasha lina tarehe, na anayeuza kwenye tamasha ana haki ya kujibiwa kabla tarehe haijapita, hata jibu likiwa ni kulipa.

Utakavyokutana na mbio

Kama unafikiria kupeleka mzigo, fahamu kwanza kwamba kalenda hubadilika. Safari ilikuwa ikifanyika Juni hadi 2023. 2024 ikasogezwa hadi Pasaka, mwisho wa Machi, na 2025 ikawa Machi 20 hadi 23. Kutoka kiangazi hadi mlango wa masika! Aliyezoea kuuza maji ya kunywa alikuta watu wanataka mabuti. Uganda nayo huhamisha mbio. Zimewahi kuwa Jinja na Mbarara, na anayetoka Kagera faida yake haiwi sawa katika miji hiyo miwili. Tanzania, Morogoro imepokea mbio hizo katika miaka ya karibuni. Usinunue mzigo mpaka tarehe na mji vithibitishwe.

Pili, mbio hazifanyiki uwanjani. Zinagawanywa katika hatua, vipande vya barabara ya vumbi vinavyofungwa kwa saa chache. Naivasha kuna Kedong, Loldia, Soysambu, Sleeping Warrior na Hell's Gate, na kutoka kipande kimoja hadi kingine ni mwendo. Barabara ikishafungwa huingii na huvuki, hivyo muuzaji mzoefu huingia alfajiri na kutoka jioni. Kwenye Kedong vumbi ni laini kama unga wa muhogo. Madereva huliita feshifeshi. Chakula kisichofunikwa hapo usikiuze, na tafadhali usinunue.

Tatu, na hili ni la uhai. Usisimame upande wa nje wa kona, kwa maana gari likikosa breki huelekea huko. Usisimame bondeni chini ya usawa wa barabara. Simama juu, upande wa ndani, nyuma ya utepe. Gari la sifuri likipita kukagua njia, maongezi na chenji viishe. Nimeona kijana wa mayai akirudi barabarani kuokota noti iliyopeperuka. Msimamizi wa njia alimvuta shati, gari likapita. Kijana aliendelea kuuza mayai, mimi sikuweza kuandika kitu kwa saa nzima.

Kuhusu karatasi, wasomaji wengi mnazijua. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka baina yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi Watanzania bado tunatoa pasipoti au hati ya muda. Mwenye gari abebe Kadi ya Njano ya COMESA ambayo ni bima, na asiichanganye na kadi ya manjano ya chanjo. Nimemwona mtu akimpa askari wa barabarani cheti cha chanjo kwa kujiamini kabisa.

Bugesera

Rwanda ndiyo mbio ninazozipenda kuliko zote, pengine kwa sababu kwa muda mrefu zilikuwa na mlango mmoja uliofungwa. Kuanzia Februari 2019 hadi Januari 31, 2022, mpaka wa Katuna baina ya Uganda na Rwanda ulikuwa na kufuli, na mnaofanya biashara ya Kabale hamhitaji nikumbushe. Ulipofunguliwa, mashabiki wa Uganda walirudi na vuvuzela zao.

Tulipitia Rusumo. Ukishavuka daraja, magari huhamia upande wa kulia wa barabara, na dereva wetu alijisemea kwa sauti "kulia, kulia, kulia" hadi Kibungo. Shangazi alikuwa amefunga mikeka yake kwa kamba ya katani bila nailoni hata moja. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwenzake mmoja aliwahi kufunguliwa mzigo wote mpakani akabaki na mikeka mikononi.

Bugesera ni tambarare, vumbi lake jekundu, watu wake wamepangana mstari kama waliopimwa kwa kamba. Alifunua mzigo chini ya mti saa mbili asubuhi. Saa tano ilibaki mikeka minne. Gari la kwanza lilipokuja, lile lililoanza kusikika nyuma ya mashamba ya mihogo, alisimama, akaiacha biashara yake wazi, akanishika mkono. Lilipopita aliuliza ni nani. Nilimtajia jina. Akafuta macho, akasema huyo msoma ramani wake amempa kona mapema mno, ndiyo maana amepoteza kasi.

Jioni tulirudi Rusumo. Kwenye dirisha la uhamiaji ofisa kijana alimwuliza kwa Kiswahili kizuri alikwenda Rwanda kufanya nini, biashara au matembezi.

Shangazi alinitazama, kisha akamtazama yule kijana.

"Andika vyote viwili, baba."

Ofisa akasema nafasi ni moja. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na mtu mmoja alikuwa bado anapuliza vuvuzela.