MISULI ILIYOUMIA HUJITENGENEZA VIPI?



Wanafunzi wapendwa, mara nyingi baada ya swala ya Alasiri, huko Mbagala, Tandika au Manzese, mtoto hutolewa kwenye chandimu akichechemea kwa kuwa amepigwa goti la paja. Akifika nyumbani huandaliwa maji ya moto na mafuta ya nazi, akachuliwa mpaka analia. Wazazi hufanya hivyo kwa huruma, lakini wamewahi mno.

Nyama inayovishwa mifupa, tunayosoma habari yake katika Suratul Muuminun aya ya 14, imeumbwa kwa nyuzi ndefu nyembamba. Pembeni mwa kila uzi, chini ya ngozi yake laini, zimelala seli ndogo sana. Mtaalamu Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961 baada ya kutazama misuli ya chura kwa hadubini ya elektroni. Seli hizi ni akiba. Uzi ukichanika huamka na kuzaana. Nyingi huungana kuwa uzi mpya, chache hurudi kulala zikingoja ajali nyingine.

Nani anaziamsha? Ni protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kimojawapo, HGF, kimewekwa tangu awali kandokando ya uzi, mfano wa fundi aliyeacha vifaa vyake kwa mteja. Misuli ikipondeka, kichocheo hicho huachiliwa kikazifikia seli zilizolala. (Jina lake linatokana na seli za ini, kwani huko ndiko kilikotambuliwa kwanza.) Kisha huja seli za kinga kutoka kwenye damu. Hizo husafisha mabaki, halafu hutoa kichocheo kingine, IGF-1, kinachosaidia seli changa kuongezeka na kukomaa. Kwa hiyo uvimbe wa siku za mwanzo si adui mtupu. Humo ndimo mafundi wanamopita.

Kuchua mapema huchana tena nyuzi na kurudisha damu kuvuja. Paja lililopondeka vibaya linaweza hata kuota mfupa ndani ya nyama. Siku 3 hadi 5 za kwanza mtoto apumzike, mguu uinuliwe juu ya mto, na barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe dakika 10 hadi 15. Kusimama kukimshinda, aswali amekaa. Hiyo ni ruhusa ya dini, si uvivu. Baadaye aanze kutembea polepole, maana mguu uliolazwa mno huzidisha kovu.

Na nyinyi kaka zetu wa mazoezi ya vyuma, msidanganywe na sindano za IGF-1. Shirika la WADA limezipiga marufuku michezoni, na kichocheo hicho hakichagui: kinaweza kukuza hata seli za saratani.

Paja likikaza kama ubao, vidole vikifa ganzi, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali, Temeke au Mwananyamala, usiku huohuo.